Natafuta karakana za mafundi Venice: nianzie wapi, na nitaijuaje karakana ya kweli?

MamaShanga wa Kirumba

Habari za wakati huu, ndugu zangu.

Mimi ni mtungaji wa shanga hapa Kirumba, Mwanza. Pamoja na akina mama wenzangu sita tunatengeneza mikufu, bangili, mikanda na mapambo ya vibuyu, ambavyo tunawauzia watalii wachache wanaopita kuelekea Serengeti na, zaidi ya hao, maharusi na vikundi vya ngoma. Mwaka huu nimepata nafasi ya kuhudhuria mafunzo ya wiki nne ya wajasiriamali wa kazi za mikono katika mji wa Padova, kaskazini mwa Italia, kuanzia mwanzoni mwa Agosti. Viza imeshatoka, namshukuru Mungu. Wenyeji wangu wameniambia kwamba Venice haiko mbali na Padova, na kwamba ninaweza kuchagua siku zangu za mapumziko: ama siku tatu katikati ya mafunzo, tarehe 14 hadi 16 Agosti, ama siku nne baada ya mafunzo, mwanzoni mwa Septemba, kabla ya ndege ya kurudi.

Sitafuti kutembezwa. Nimeona video nyingi ambamo fundi anapuliza kioo, farasi mdogo anatokea, watu wanapiga makofi, kisha mlango wa duka unafunguliwa na kila mtu anasukumwa humo. Hilo silitaki. Ninachotaka ni kukaa karibu na mtu anayetengeneza ushanga, nione hasa tundu lake linavyotokea, kwa sababu shanga zimepita mikononi mwangu kwa maelfu na hadi leo sijawahi kuona hata mmoja ukizaliwa.

Naomba basi mnieleze niende wapi, nichague siku zipi, na kama ni adabu kubeba kazi zangu mwenyewe niwaonyeshe mafundi wa huko. Mume wangu anasema kupeleka shanga Venice ni sawa na kupeleka dagaa Mwaloni, soko letu la samaki, lakini moyo wangu unakataa.

Kijana wa Magu

Shikamoo mama, na hongera kwa safari.

Ninasoma Padova, huu ni mwaka wa tatu, na Venice huwa nakwenda karibu kila mwezi kwa sababu mwenzangu ninayeishi naye ana shangazi huko, mwanamke wa makamo ambaye kazi yake ni hiyo hiyo yako. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo, na unisamehe.

Jambo la kwanza ni tarehe. Usichague katikati ya Agosti kwa namna yoyote. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa Italia nzima, na mafundi wengi hufunga karakana zao wiki mbili au zaidi kuizunguka siku hiyo. Kisiwani Murano tanuri nyingi huzimwa kabisa Agosti ili zifanyiwe matengenezo, maana tanuri la kioo haliwashwi asubuhi na kuzimwa jioni kama jiko la mama lishe. Huwaka usiku na mchana, miezi mfululizo, kwa joto linalozidi nyuzi 1,000, na mchanganyiko wa mchanga na soda huyeyuka usiku ili mafundi wakifika alfajiri wakute kioo kiko tayari. Soda hiyo ni ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Bila yake, mchanga peke yake ungedai joto la karibu nyuzi 1,700, na hakuna anayeweza kulipia hilo. Hata hivi ilivyo gharama ni kubwa: gesi ilipopanda bei mwishoni mwa 2021 na mwaka uliofuata, wenye tanuri kadhaa walizima moto kwa sababu kila siku iliyopita ilikuwa hasara. Ukienda Agosti utakuta maduka yako wazi na moto umezimwa, yaani kinyume kabisa cha unachokitafuta. Chukua zile siku nne za Septemba. Isitoshe, Septemba ndio mwezi wao: tangu 2017 kuna wiki ya kioo inayofanyika mwezi huo, na baadhi ya karakana hufungua milango kwa wageni. Tarehe zake zikikupita, bado mafundi watakuwa wamerudi kazini.

Safari yenyewe ni rahisi. Kutoka Padova ni treni ya chini ya saa moja, ila ushuke kituo cha mwisho kiitwacho Venezia Santa Lucia, usije ukashuka Mestre, ambayo iko bara na haina maji wala karakana unazozitaka. Ukitoka nje ya kituo unakutana na mfereji mkuu uso kwa uso. Magari hayapo, mizigo yote, kuanzia mifuko ya saruji hadi maji ya kunywa, hupitishwa kwa mashua na kumaliziwa kwa mikokoteni inayopandishwa madaraja ngazi kwa ngazi, na madaraja ni zaidi ya 400. Mtu aliyezoea kupanda mawe ya Mabatini hatalalamika. Tiketi moja ya mashua ya abiria, inayodumu dakika 75, ni euro 9.50, na ya saa 24 ni euro 25, kwa hiyo siku ya kwenda Murano nunua ya saa 24. Tangu 2024 jiji limekuwa likitoza wageni wa kutwa ada ya kuingia katika siku maalumu, lakini siku hizo mpaka sasa zimekuwa kati ya Aprili na Julai. Hata hivyo hakikisha kabla ya kusafiri.

Sasa shanga. Utasikia maneno mawili yaliyo muhimu kwako. La kwanza ni *perle a lume*, maana yake shanga za taa. Zamani fundi alikaa mbele ya taa ya mafuta ya wanyama, akaupuliza mwali wake kwa mivukuto hadi ukawa mkali kama sindano, na juu ya mwali huo ndipo alipotengenezea ushanga mmoja mmoja. Nilipoelezwa hivyo nilicheka nikakumbuka mtaa wetu wa Makoroboi, wenye jina la vibatari, na mwenyeji wangu hakuelewa kilichonichekesha. Leo mwali ni wa gesi, lakini jina limebaki.

Fundi huketi mezani, mkono mmoja ukiwa na kijiti chembamba cha chuma kilichopakwa udongo mweupe, na mwingine ukiwa na fimbo ya kioo yenye unene wa penseli. Huiingiza ncha ya fimbo motoni polepole, kwa sababu ukiiharakisha hupasuka na kuruka vipande. Ncha ikianza kulegea kama asali ya nyuki, huizungusha juu ya kile kijiti, na mikono yote miwili inaendelea kugeuka bila kusimama hata mara moja, kwa kuwa ukisimama kioo kinadondokea upande mmoja na ushanga unakuwa na kitambi. Tundu ulilouliza halitobolewi, mama. Ni mahali ambapo kijiti kilikuwepo. Ushanga ukishapoa huchomolewa, udongo husuguliwa, na tundu linabaki. Baadhi ya mafundi hutumia njia ya zamani zaidi ya waya wa shaba, ambao baadaye huyeyushwa kwa asidi.

Hawa mafundi wa taa hawakai Murano peke yake. Wengi wana vyumba vidogo ndani ya Venice kwenyewe, hasa Castello, Cannaregio na Dorsoduro, mbali na njia kuu ya kutoka kituoni hadi uwanja wa San Marco. Wengine hufundisha wageni kwa saa mbili au tatu kwa malipo. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla, ueleze kuwa wewe ni mtungaji wa shanga na si mtalii wa kawaida, na uulize bei kabla ya kukubali. Chagua mmoja au wawili tu. Ukijaza siku kwa karakana sita utaona milango sita na hutaona kazi yoyote.

Kuhusu kuijua karakana ya kweli, mimi hutazama meza kwanza. Meza ya fundi imeungua. Sakafu ina vipande, kuna ndoo ya taka za kioo, kuna vitu vilivyoharibika vimewekwa pembeni. Duka halina kitu kilichoharibika. Kisha uliza swali moja tu, "Hiki nani amekitengeneza?" Mwenye karakana ataonyesha kidole mahali alipokaa.

Ukifika mlangoni sema "*Permesso*" na usubiri. Hiyo ndiyo hodi yao, na hakuna neno litakalokufungulia zaidi ya hilo. Na kazi zako beba, mama, beba bila aibu. Shangazi wa mwenzangu nilipomwonyesha bangili moja ya Kisukuma aliigeuza ndani nje, akatafuta fundo la mwisho, akasema aliyeifunga anajua kazi.

Msafiri wa Bukoba

Naongeza onyo moja, kwa sababu mimi yalinikuta. Mwaka juzi nilikuwa Venice kwa siku mbili, na mapokezi ya hoteli niliyofikia yaliniambia kuna boti ya bure ya kunipeleka Murano kuona tanuri. Nikashukuru. Boti ilikuwa nzuri, imepakwa vanishi ikang'aa. Tulipofika tuliingizwa ukumbini, kijana mmoja akatengeneza chombo cha maua kwa dakika kumi, akakitupa kwenye ndoo, tukapandishwa ghorofani ambako kila mgeni alipewa mtu wake wa kumfuata nyuma. Wa kwangu alinitajia taa ya euro 4,000, na nilipokataa akashusha hadi 2,500, na nilipokataa tena akaniuliza kwa sauti ya kuumia nilikuja kufanya nini. Nilipotaka kurudi nikaambiwa boti ya bure ilikuwa ya kuja tu. Nilirudi kwa boti ya abiria, ambayo ndiyo ningeipanda tangu mwanzo kama ningekuwa na akili.

Mama, panda boti ya umma, namba 4.1, kutoka Fondamente Nove. Inapita kisiwa cha makaburi cha San Michele na dakika kumi baadaye uko Murano, na hakuna mtu anayekudai heshima.

Fundi wa Igombe

Salaam kwenu nyote. Mimi ni fundi wa mitumbwi hapa Igombe, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba, na shanga sizijui, lakini niliposikia Venice nikaona nisikae kimya.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua kila ninapoona picha za zile mashua zao nyeusi, gondola. Mpigakasia ni mmoja, amesimama tezi, kasia lake ni moja na liko upande mmoja tu, na bado mashua inakwenda mbele imenyooka. Sisi hapa ukimwacha mtu mmoja apige kasia upande mmoja, mtumbwi unazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Watu hapa kijiweni wanasema yule hapigi kasia, anasukuma chini kwa pondo kwa kuwa mifereji yao haina kina. Nimewabishia lakini sina ushahidi.

Naomba dada MamaShanga, ukipata nafasi, uingie kwenye karakana yao ya mashua unitazamie mambo mawili: mkuku wake umekaaje, na wanakalafati, yaani wanaziba mianya ya mbao, kwa kitu gani. Sisi tunatumia pamba ya hapa hapa kanda ya ziwa na mafuta, na mtumbwi ulioshindiliwa vizuri unamaliza msimu bila kuingiza maji.

Kijana wa Magu

Fundi, wabishie tena, wewe ndiye mwenye haki. Lile ni kasia, wala halifiki chini.

Siri iko kwenye umbo lenyewe. Gondola imejengwa ikiwa imepinda kwa makusudi: upande wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia kwa sentimita 24, kwa hiyo ikiwa tupu majini huinamia kulia. Kasia liko kulia na linaisukuma mashua igeukie kushoto. Ule upinde unairudisha kulia. Nguvu mbili zinazovutana ndizo zinazoinyosha. Urefu wake unakaribia mita 11, upana ni mita 1.4 hivi, na huunganishwa kwa vipande takriban 280 vya mbao za aina nane, kila aina kwa kazi yake.

Kitu kingine ambacho ungekipenda ni kile kigingi cha kuegemeza kasia, wanachokiita *forcola*. Si uma wa kawaida. Huchongwa kutoka kwenye gogo moja la mjozi, yaani walnati, kikiwa na mikunjo na mabega, na kila bega ni mahali pa kasia kwa tendo fulani: hapa kuanza mwendo, hapa kwenda mbele, hapa kurudi nyuma, hapa kugeuka papo hapo. Mafundi wanaochonga vigingi hivyo na makasia ni kundi lao peke yao, tofauti na waunda mashua, na wamebaki wachache sana.

Karakana ya mashua inaitwa *squero*, na inayoonekana vizuri zaidi ni ya San Trovaso, mtaa wa Dorsoduro. Si lazima uingie ndani. Ukisimama ng'ambo ya mfereji unaiona yote: mteremko wa kushushia mashua majini, gondola mbili tatu zimelazwa ubavu, na fundi anakwangua majani yaliyoota chini. Jengo lenyewe ni la mbao, kama nyumba za milimani, kwa kuwa maseremala na mbao vilitoka milima ya Cadore. Hapo hakuna malipo, na unaweza kukaa hata saa nzima. Wanaotaka kuingia huomba ziara mapema.

Mwalimu Mstaafu, Kisesa

Wanangu, nimefuatilia mazungumzo haya kwa furaha. Namwomba MamaShanga amjibu mume wake hivi: dagaa hao walitoka kwanza Mwaloni ya Mwitaliano, ndipo wakafika kwetu.

Shanga nyingi zilizofika kwenye nchi hizi zetu za ziwa katika karne ya 19 zilitengenezwa Venice. Ziliingia kwa meli Zanzibar, zikapimwa, zikafungwa kwenye mizigo ya wapagazi, zikapanda pamoja na vitambaa vya merikani na kaniki hadi Unyanyembe, na kutoka hapo zikasambaa Usukuma na kuzunguka ziwa. Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba kulikuwa na aina zipatazo 400, kila moja na jina lake, thamani yake na mahali inapopendwa. Mwenzake Speke ndiye aliyeliona ziwa hili kutoka hapa Mwanza Agosti 1858. Shanga nyekundu ziliitwa samesame, na zilipendwa karibu kila mahali, lakini msafiri aliyebeba rangi isiyotakiwa katika nchi fulani angeweza kulala njaa akiwa na mzigo mzima, kwa sababu bibi zetu hawakuwa watu wa kupokea chochote. Hilo ndilo ninalotaka mama alibebe kifuani akienda huko. Tanuri za Venice zilikuwa zikisubiri habari za nini kinakubalika na nini kimekataliwa na mwanamke wa huku.

Shanga hizo ndogo hazikuwa za taa kama alivyoeleza kijana wetu. Ni aina ya pili, *conterie*, na namna zilivyotengenezwa inastaajabisha. Fundi alichukua donge la kioo laini akalipuliza kiputo cha hewa ndani yake. Mtu mwingine akabandika fimbo upande wa pili wa donge, kisha wote wawili wakakimbia, huyu huku na yule kule, ndani ya baraza ndefu, na donge likavutika katikati yao likawa bomba jembamba la makumi ya mita. Kile kiputo hakikupotea, kilirefuka pamoja na kioo, na hicho ndicho tundu. Bomba likakatwa vipande vidogo sana, vikachanganywa na unga wa chokaa na mkaa ili matundu yasizibe, vikazungushwa motoni hadi makali yakaisha. Baada ya hapo wanawake wa mitaa ya Castello, walioitwa *impiraresse*, walikaa nje ya milango yao wameshika sindano ndefu nyingi kwa mkono mmoja, zimetanuka kama mkia wa tausi, wakazichoma kwenye sinia la shanga na kuzitunga kwa mikupuo. Kazi ya vibarua, yenye malipo duni. Kiwanda kikubwa cha conterie cha Murano, kilichoundwa mwaka 1898 kwa kuunganisha watengenezaji kadhaa, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na shanga ndogo unazonunua leo sokoni, mama, kuna uwezekano mkubwa zinatoka Jamhuri ya Czech, Japani, India au China.

Kwa hiyo Murano usikose makumbusho ya kioo, Museo del Vetro, na uombe waziwazi uonyeshwe shanga, maana wageni wengi huzipita wakikimbilia vikombe. Na kabla ya kusafiri, tenga asubuhi moja uje Bujora, hapa Kisesa, uangalie mapambo ya zamani ya Kisukuma yaliyohifadhiwa. Ni kilomita kama 20 tu kutoka mjini. Piga picha. Fundi wa Venice hajapata kuona kazi ya babu yake ilikoishia.

Majaribio ya Nyegezi

Naomba kutofautiana kidogo, kwa nia njema.

Dada MamaShanga hakusema wazi, lakini nadhani lengo ni kurudi na ujuzi wa kutengeneza shanga hapa Mwanza. Kama ndivyo, Venice itamvunja moyo. Fimbo za kioo za Murano hazipatikani hapa, oksijeni ya kuchanganya na gesi ni ghali, na mimi nimejaribu njia ya mkato nikaumia. Nilichukua chupa za bia za kahawia na chupa nyeupe za soda, nikazivunja, nikaziyeyusha kwa jiko la mkaa lenye feni, nikapata shanga nane zilizopendeza kweli, za kahawia zenye mstari mweupe. Nikaziweka dirishani nikalala. Usiku nikasikia *ti*, kisha *ti* nyingine. Asubuhi sita zilikuwa vipande.

Nilikuja kujua baadaye kwamba makosa yalikuwa mawili. Vioo viwili tofauti havinywei sawasawa vinapopoa, hivyo kimoja kinamvuta mwenzake hadi kupasuka. Na hata kioo cha aina moja hakitaki kupozwa ghafla, lazima kishushwe polepole kwa saa nyingi kuanzia joto la karibu nyuzi 500.

Ushauri wangu ni kwamba mfano unaotufaa uko Ghana, kwa Wakrobo. Wao husaga chupa kuukuu zikawa unga, wakajaza unga huo kwenye vikalibu vya udongo, wakasimamisha kijiti cha jani la muhogo katikati, na tanuri la udongo likipata moto kijiti kinaungua na kuacha tundu. Muhogo tunao, udongo tunao, na chupa ndizo zimejaa hadi ufukweni.

Kijana wa Magu

Kaka wa Nyegezi umesema kweli, ila hapo ndipo ninapoona Venice inafaa. Mtu hahitaji kubeba fimbo za Murano, abebe jicho. Amwombe fundi amwonyeshe anavyopoza, kwa kuwa wageni wote hutazama mwali na hakuna anayetazama kisanduku cha kupozea kilicho chini ya meza, na shanga zako sita zilifia kwenye kisanduku ambacho hukuwa nacho.

Mambo mawili madogo niliyosahau. Kama utanunua kioo, tafuta alama ya *Vetro Artistico Murano*, iliyowekwa kwa sheria ya mkoa wa Veneto mwaka 1994. Mkufu wa euro tano haukuzaliwa kisiwani. Na kama una asubuhi ya ziada, kuna wafumaji wa mahameli wa Luigi Bevilacqua, walioanza mwaka 1875, ambao bado wanatumia vitanda vya mfumi vya mbao vya karne ya 18. Mfumaji mmoja kwa kitambaa kigumu zaidi hupata sentimita 30 hivi kwa siku nzima. Ni lazima uombe nafasi mapema. Barakoa na lasi za Burano nisingezipa siku yako hata moja, ingawa kisiwa cha Burano chenyewe ni kizuri kwa rangi.

MamaShanga wa Kirumba

Nawashukuru nyote, na Mwalimu, shikamoo sana. Maneno yako nimemsomea mume wangu mezani. Hakujibu kitu, aliomba tu aongezewe chai.

Nimeamua hivi. Nimewaandikia wenyeji wangu kwamba nachukua siku za Septemba, na wamekubali. Siku ya kwanza nitakwenda Murano kwa boti ya umma, makumbusho kwanza, kisha nitembee taratibu bila kumfuata mtu. Siku ya pili na ya tatu nitakuwa kwa fundi mmoja wa shanga za taa huko Castello, ambaye amenijibu kwa kupitia msaada wa kijana wetu wa Magu. Nilimwambia nataka nusu ya muda nimtazame tu akifanya kazi zake za kawaida, na ameandika kwamba hajawahi kuombwa hivyo na kwamba nusu hiyo hatanitoza. Siku ya nne ni ya mashua, kwa ajili ya Fundi wa Igombe, na jioni kituoni.

Kaka wa Nyegezi, hujakosea kuhusu lengo langu. Nitakapoketi hapo nitauliza habari za kupoza kabla sijauliza habari za rangi, na nikirudi tutakutana na chupa zako. Hao Wakrobo nao sijawaacha.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Bujora na akina mama wawili. Tulikuta mkufu wa zamani wenye shanga nyekundu, na mmoja umevunjika. Nilipoinama karibu na kioo cha kabati niliona kwamba ndani yake si mwekundu, ni mweupe kama kiini cha mchele. Nimepiga picha ya ule uliovunjika peke yake, karibu kabisa, na nitakwenda nayo. Nitabeba pia mikufu mitatu ya kwetu, mmoja wa kumwachia fundi.

Fundi wa Igombe, niambie hasa nipime nini, kwa kuwa mkuku kwangu ni neno la ndani ya kanga.

Fundi wa Igombe

Dada, beba futi ya mkanda ya mita tano, itatosha. Omba ruhusa kwanza. Mashua ikiwa nchi kavu imelazwa, pima kutoka mkuku, ule mti wa chini katikati, hadi ukingoni upande wa kushoto, kisha wa kulia, mahali pale pale pa katikati, uniandikie namba zote mbili kwenye karatasi. Karatasi hiyo nitaibandika kijiweni.

Na kama watakuruhusu, nipigie picha ya msumari wao mmoja, ukiwa kiganjani kwako ili nione ukubwa.

MamaShanga wa Kirumba

Kushoto kwanza, kisha kulia. Nimeandika.